Fowili na Wenzake: Historia Fupi ya Maneno ya Gari baina ya Feri na Gerezani

Mtu ashukaye kwenye pantoni kutoka Kigamboni na kukanyaga ardhi ya upande wa mjini huwa amefika mahali penye majina mawili. Ramani na vibao vya serikali hupaita Kivukoni. Wachuuzi wa samaki, makuli na abiria hupaita Feri. Majina yote mawili yana maana moja, kwa kuwa la kwanza limezaliwa na kitenzi cha kuvuka na la pili ni neno la Kiingereza lililokubali kuzungumza kwa sauti zetu. Wala hakuna aliyepiga kura kuamua lipi libaki. Yamebaki yote mawili, moja katika karatasi na moja katika vinywa, na hata chombo chenyewe kina majina matatu: kivuko kwa mhasibu, feri kwa msafiri, na pantoni kwa mzaliwa wa Dar es Salaam.

Nimeanza na mahali hapo kwa sababu makala haya yanahusu maneno ya gari, na maneno ya gari katika lugha yetu yalianzia majini. Kutoka Feri hadi karakana za Gerezani, pembezoni mwa Kariakoo, ni mwendo wa miguu wa nusu saa hivi kwa mtu asiye na mzigo. Katika mwendo huo mfupi msomaji anaweza kuipitia historia yote ya istilahi zetu za usafiri. Lakini shabaha yangu hasa ni neno moja la karakana, fowili, ambalo siku moja lilinigharimu jambo nisiloweza kulilipa. Nitalifikia.

Tuanze na abiria. Neno hili linatokana na kitenzi cha Kiarabu cha kuvuka, na Waswahili wa zamani walisema kuabiri walipokusudia kusafiri kwa chombo cha baharini. Nauli ni malipo ya chombo. Shehena ni mzigo wa jahazi. Na usukani, ambao leo kila kijana anaufikiria kuwa ni duara la mkononi mwa dereva, ni ubao ule ulio nyuma ya chombo ambao nahodha hauelekeza kulia au kushoto. Gari lilipofika pwani halikukuta lugha isiyojua safari. Lilikuta lugha yenye mabaharia, nayo ikalivisha nguo za jahazi. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba usukani wa jahazi uko nyuma na usukani wa gari uko mbele, moja ni ubao na jingine ni duara, na bado neno halikuwashinda watu. Waliangalia kazi ya kifaa, hawakuangalia umbo lake. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana huko mbele tutalihitaji.

Gari lenyewe lilikuja na jina kutoka Bara Hindi, ambako lilikuwa la kukokotwa na wanyama. Huko huko ndiko lilikopitia neno karakana, lenye asili ya Kiajemi. Baadaye ndipo Kiingereza kilipomwaga maneno yake kwa pamoja, kama lori linalomwaga mchanga: dereva, injini, breki, gia, klachi, tairi, betri, plagi, kabureta, springi, beringi. Hayakutafsiriwa. Yalipokelewa na watu wenye mikono iliyojaa grisi, nao hawakuwa na nafasi ya kusubiri kamati. Rejeta ni mfano mzuri. Ukimwambia fundi wa Gerezani kuwa neno hilo halimo katika matini sanifu atakutazama kwa huruma, kisha ataendelea kuziba rejeta.

Kariakoo nayo ina neno lake la kutueleza. Jina hilo, kama ijulikanavyo, ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na eneo ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kujenga soko likawa kambi ya wapagazi hao. Sababu ya kuwako kwa wapagazi ni ya kiufundi kabisa. Wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, na malori ya wakati ule yalizama katika tope, hususan katika bonde la Rufiji wakati wa mvua kubwa za mwaka 1917. Mahali gurudumu liliposhindwa, kichwa cha binadamu kilibeba. Na watu walikufa kwa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo mtaa ambao leo ni makao makuu ya vipuri vya magari una jina lililotokana na kushindwa kwa magari. Sidhani kama wauza vipuri wa Shaurimoyo hulifikiria hilo, wala hawana sababu ya kulifikiria.

Baada ya Uhuru lugha ya usafiri ilichukua njia mbili, moja ya ofisini na moja ya kituoni. Kampuni ya mabasi ya jiji ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, ambalo kila mtu aliliita UDA. Mabasi yake marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati, hayakuitwa kwa jina lolote la kitaalamu. Wananchi waliyaita kumbakumba. Magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa kujificha yaliitwa thumni, kwa kuwa nauli ilikuwa senti 50. Yaliporuhusiwa mwaka 1983 nauli ikawa shilingi tano, sarafu iliyokuwa ikiitwa dala, na jina la daladala likasimama hadi leo ingawa shilingi tano hainunui hata pipi. Malori yaliyofungwa mabenchi ya kutazamana yaliitwa chai maharage, kwa mfano wa wateja wa mgahawani. HiAce ndogo za Japani zikaitwa vipanya. Na juzi tu, mwezi Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza safari zake baina ya Kimara na Kivukoni pamoja na tawi la Gerezani, jina refu la wakala lilikaa katika barua na watu wakachagua mwendokasi. Hapa yafaa tukiri kwamba mwananchi aliwashinda wataalamu kwa ufupi na kwa uzuri pia, tena kwa Kiswahili kitupu.

Sasa nifike kwenye theluji.

Msomaji atauliza theluji inahusiana vipi na Kariakoo, mahali ambapo hata barafu ya samaki wa Feri haimalizi saa nzima juani. Inahusiana kwa njia ya meli. Tangu serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa mwaka 1984, na zaidi katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika ya Japani yaliingia bandarini kwa wingi, kwa kuwa Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Na sehemu kubwa ya Japani ni nchi ya theluji. Kisiwa cha Hokkaido na pwani ya magharibi ya kisiwa kikuu hufunikwa kila mwaka, na watengenezaji wa huko hutoa magari ya namna mbili: ya kawaida, na ya nchi za baridi, yenye betri kubwa zaidi, stata yenye nguvu zaidi, na mashine ya kupasha joto chumbani. Magari ya namna hii ya pili yapo katika mitaa yetu. Mafundi wetu huikata mipira ya ile mashine ya joto kwa sababu huvujisha maji ya rejeta, nao hawakosei.

Miongoni mwa magari hayo yamo ya abiria yenye kusukumwa na injini kwa magurudumu yote manne. Chanzo chake ni kisa ambacho kila fundi wa Gerezani angekifurahia, kwa sababu kilianzia karakanani. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, ilikuwa ikitumia magari ya Jeep kukagua nyaya zake milimani wakati wa theluji. Jeep ilipita, lakini ilikuwa ya baridi na ya kuchosha. Ikaliomba duka la Subaru la mkoa wa Miyagi liitengenezee gari la starehe lenye uwezo ule ule. Mafundi wa duka hilo walichukua gari dogo la Subaru la kubebea mizigo na watu, ambalo lilivutwa na magurudumu ya mbele tu, wakalifunga ekseli ya nyuma pamoja na difu yake kutoka katika gari la kampuni nyingine, Nissan Bluebird, na kuliunganisha na giaboksi kwa propela. Kiwanda kikaipenda kazi hiyo. Mwaka 1971 yakaundwa magari machache ya mfano, na mwaka 1972 Subaru Leone yenye magurudumu manne ya kuendeshwa ikaanza kuuzwa kwa watu wote. Miaka kumi baadaye, 1982, Mitsubishi ikachukua mtambo wa gari lake la Pajero na kuutia chini ya Delica, basi dogo la abiria lenye pua fupi. Ujerumani nayo, Volkswagen ilitoa kombi yake ya namna hiyo mwaka 1985, kwa msaada wa kiwanda cha Steyr-Daimler-Puch cha Graz, Austria.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, si ya kufunga ekseli moja na kwenda zako. Gari la kawaida lina difu moja, yaani sanduku la meno linaloruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Ukitaka magurudumu ya mbele nayo yasukume, unahitaji difu ya pili mbele, propela ya pili, na baina yao sanduku la kugawa nguvu ambalo mafundi huliita transfa. Meno ya difu mbili hizo sharti yawe na uwiano mmoja, la sivyo zitavutana kama ng'ombe wawili wasioelewana mpaka kitu kivunjike. Tena hata uwiano ukiwa sawa, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu zaidi kuliko ya nyuma gari linapokata kona. Katika theluji au tope tofauti hiyo haina madhara, kwa sababu gurudumu huteleza kidogo na kuimaliza. Katika lami kavu gurudumu haliwezi kuteleza. Nguvu hujikunja ndani ya shafti, usukani huwa mzito, na matairi hulia. Ndiyo maana magari ya zamani, kama Land Rover iliyotoka mwaka 1948 na kuwa rafiki wa kila mkuu wa wilaya, yana fimbo ya kuunga ekseli ya mbele pale tu inapohitajika. Na ndiyo maana magari mengine ya baadaye yaliwekewa kati ya propela mbili kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni, ambacho huziacha zipishane kidogo, na hushika pale upande mmoja unapozidi kukimbia. Kwa kuwa wataalamu wetu wamekwisha kulikubali neno mnato kwa tabia ya vimiminika vizito, naona kifaa hicho chaweza kuitwa kiungo mnato bila kumwudhi mtu.

Theluji na tope, kwa gurudumu, ni ndugu. Atakayechutama karibu na tairi nyingi zinazouzwa Kariakoo ataona herufi mbili zenye alama ya kujumlisha katikati, M na S. Ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza ya tope na theluji. Mtengenezaji aliyaweka pamoja kwa sababu ya ugonjwa wao mmoja, yaani ardhi isiyoshikika. Kwa hiyo gari lililoundwa kwa ajili ya Hokkaido halikupotea njia lilipofika Rufiji. Lilibadilisha rangi ya mtelezo tu.

Hapa ndipo lilipo deni langu.

Mwaka 2006, wakati wa masika, nilipata habari usiku kwamba mama yangu mdogo amefariki huko Kilwa Kivinje, na kwamba atazikwa kesho yake baada ya swala ya alasiri. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilikwisha funguliwa mwaka 2003, hivyo hatukuwa na hofu ya kusubiri pantoni. Hofu ilikuwa kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, ambacho miaka hiyo hakikuwa na lami, na ambacho wakati wa mvua kiliyameza mabasi. Tukakodi Kariakoo gari dogo la abiria, la Kijapani, lenye kifimbo cha pili pembeni mwa fimbo ya gia. Mwenyewe alikuwa amelitoa karakanani jana yake. Juu ya kioo cha nyuma palikuwa na maandishi mekundu: FOWILI. Tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na sanda na mchele.

Kuvuka daraja tulivuka salama. Mbele ya Muhoro gari likaingia katika tope la kufika ekselini. Dereva, kijana mpole, alitulia, akavuta kifimbo cha pili, na taa ndogo ya kijani ikawaka mbele yake. Akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yalizunguka na kurusha udongo hadi juu ya miti. Ya mbele yalitulia kama miguu ya kitanda. Akajaribu tena, na tena. Mwisho akavua shati, akaingia chini ya gari, akatoka na uso ambao sijausahau. Akasema, "Mzee wangu, propela ya mbele haimo."

Tulikaa pale saa saba. Lori lilitokea Somanga likatuvuta. Tulifika Kivinje baada ya isha, tukakuta kaburi limekwisha kumwagiwa maji.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda karakanani pamoja na dereva, na sikwenda kwa hisani. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaapa kuwa alimweleza dereva waziwazi. Krosi ya propela ya mbele ilikuwa imekwisha na ilipiga kelele, kipuri hakikupatikana siku ile, mwenye gari alitaka gari barabarani, naye akaifungua propela yote. "Kaka, si nilikwambia? Nilikwambia fowili nimeitoa." Dereva akajibu, "Uliniambia, fundi. Nami nikajua umekirudisha kifimbo, kama mtu atoavyo gia." Wote wawili walisema kweli. Nimekaa na maneno hayo mawili kwa miaka mingi, na kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nimeona bora niyaandike hapa kuliko kuendelea kumlaumu mtu.

Tazama vizuri. Fowili katika kinywa cha muuza magari ni aina ya gari: "hii ni fowili." Katika kinywa cha fundi ni vyuma: ekseli ya mbele, difu yake na propela yake. Katika kinywa cha dereva ni hali ambayo gari huingia na kutoka: "weka fowili, toa fowili." Na kitenzi kutoa, ambacho ni mtumishi wa kila nyumba katika lugha yetu, hutoa gia kwa kuirudisha katikati, na hutoa jino kwa koleo. Ukikutanisha nomino yenye maana tatu na kitenzi chenye maana mbili, umepata sentensi iwezayo kuwaacha watu kumi na mmoja katika tope bila mtu yeyote kusema uongo.

Nilipolileta jambo hili mbele ya wenzangu tunaoshughulika na istilahi, jibu la kwanza lilikuwa lile nililolitazamia: neno ni la mitaani, tulitafutie la Kiswahili. Utaratibu wa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wajulikana: kwanza tutafute katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na hatimaye ndipo tukope kwa wageni. Ni utaratibu mzuri, nami nauheshimu. Lakini jaribio la kwanza lilikwama mara moja. Mwenzetu mmoja alipendekeza gari la magurudumu manne. Mwingine akauliza gari gani basi halina magurudumu manne, isipokuwa bajaji? Tukacheka, lakini tatizo lilikuwa la kweli. Istilahi ya Kiingereza ina maneno matatu, nalo lililo muhimu si la kwanza wala la pili. Ni la tatu, lile la kuendesha. Na katika Kiswahili anayeendesha ni dereva. Tukisema magurudumu yanaendesha gari, msikilizaji atayafikiria yamekamata usukani.

Wageni nao walipita katika mlango huu mwembamba, kila mmoja kwa njia yake. Wajerumani waliacha hesabu wakasema magurudumu yote, na hivyo neno lao halivunjiki hata gari likiwa na magurudumu sita. Wafaransa walihesabu manne, lakini wakayavisha magurudumu kivumishi cha kusogeza, kana kwamba kuna magurudumu yenye kazi na magurudumu yasiyo na kazi. Wajapani walitunga neno refu la herufi nne za Kichina, kisha wakalikata wakabakiza mbili, kwa sababu wao pia wana mafundi.

Njia ya Wafaransa ndiyo iliyonipendeza, maana inafanana na ile ya mabaharia wetu walioutoa usukani majini: inaangalia kazi. Lugha yetu inao utajiri wa vivumishi vinavyozaliwa na vitenzi, kama vile saidizi, shirikishi na endelevu. Kwa mfano huo gurudumu linalopokea nguvu ya injini laweza kuitwa gurudumu endeshi, na lile linaloburutwa tu, gurudumu fuasi. Gari la kawaida lina magurudumu endeshi mawili na fuasi mawili. Land Rover iliyoungwa ekseli ya mbele ina endeshi manne. Faida ya istilahi hii si uzuri wake. Faida yake ni kwamba inamlazimisha mtu kusema gurudumu lipi linafanya kazi. Fundi angemwambia dereva, "Kaka, gari hili sasa lina endeshi mbili," na mimi ningewahi maziko.

Hata hivyo sipendekezi kulifukuza neno fowili. Tuna makaburi ya kutosha ya istilahi zilizotungwa kwa nia njema. Ngamizi iliwahi kupendekezwa kwa kompyuta, nayo kompyuta ikabaki. Wakati runinga ilipata watumiaji wake na inaishi vizuri pamoja na televisheni. Fowili limekwisha pata nyumba, na lina sifa za neno zuri: ni fupi, lina irabu mwishoni, na mtoto wa Mbagala hulitamka bila kujikwaa. Na libaki kuwa jina la gari. Linalotakiwa ni kulipunguzia mizigo miwili mingine. Vyuma viitwe kwa majina yake, ambayo mafundi wanayo tayari: difu ya mbele, propela ya mbele, transfa. Na tendo la dereva lipewe vitenzi vyake, kuunga na kuachia, ili kutoa kusihusike kabisa; huku kazi ya fundi ya kuondoa chuma iitwe kung'oa, neno ambalo hakuna dereva atakayelidhania ni la kifimbo.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo, na kwamba baraza la lugha lina kazi kubwa zaidi za sheria na sayansi. Mimi nakumbuka kisa cha mwaka 1848, wakati mmisionari Johannes Rebmann alipoukaribia Kilimanjaro kutoka pwani na kuona weupe kileleni. Alimwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini, naye akamjibu kwa neno moja tu, baridi. Kiongozi hakudanganya. Alitaja kitu kwa kile anachomfanyia binadamu anayekikaribia, kwa kuwa jina lake hakuwa na haja nalo. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaandika hivyo, na bado wanajiografia wa Uingereza, William Desborough Cooley mbele yao, wakabisha kwa miaka mingi wakiwa wameketi London. Mara nyingi nimejiuliza ni yupi kati ya watu watatu hao aliyekuwa na istilahi bora, na kila mara nimemchagua kiongozi, japokuwa neno lake lilikuwa na maana mbili kama lile la fundi wetu.

Kabla ya kuyapeleka mapendekezo haya kwa mhariri niliyapeleka kwanza Gerezani, katika karakana nyingine, kwa fundi mtu mzima ambaye mikono yake imefungua giaboksi nyingi kuliko kurasa nilizozisoma. Nilimsomea moja moja. Kung'oa alisema wanalitumia siku zote. Kuunga alilikubali, ila aliongeza kwamba vijana wake husema kushikisha, na kwamba kushikisha ni bora, kwa sababu meno hushikana kwanza ndipo yaungane. Nimelisahihisha katika orodha yangu. Kiungo mnato hakukipenda wala hakukichukia, kwa kuwa alisema kikifa hakitengenezeki, hutupwa. Nilipofika kwenye gurudumu endeshi alifikiri kidogo, akamwita kijana aliyekuwa chini ya HiAce, akamwuliza, "Wewe, gari hilo lina endeshi ngapi?" Kijana akajibu kutoka chini, bila kuuliza neno hilo limetoka wapi, "Mbili, mzee. Ya mbele imeng'olewa."